Maswali ya Wasomaji: Gede, Mji Uliotunzwa na Msitu

Katika majuma machache yaliyopita, labda kwa sababu likizo ya shule imekaribia, barua nyingi zilizofika mezani petu hapa Malindi zimeuliza habari za mahali pamoja, yaani hifadhi ya magofu ya Gede, iliyoko kiasi cha kilomita 16 kusini mwa mji huu, karibu na njia panda ya kuingia Watamu. Nimechagua barua tano. Nyingine ziliuliza mambo yale yale, na walioziandika nawaomba wajione wamejibiwa humu.

Swali: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa gredi ya sita hapa Malindi. Wanafunzi wangu wameniuliza iwapo Gede ni hifadhi, ni makumbusho au ni mahame, nami nilishindwa kuwajibu kwa uhakika. Kitabu kimoja cha zamani kinaiita hifadhi ya taifa, watu wa siku hizi wanaiita makumbusho, na bibi yangu, aliyezaliwa si mbali na hapo, alikuwa akisema ni mahali pa mizimu na hapaendewi ovyo. Wengine wanadhani ni mali ya kaunti. Nani kati yao amesema kweli? (Mwalimu, Malindi)

Jibu: Waalaikumu salamu, Mwalimu. Karibu wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kipindi chake katika maisha marefu ya mahali hapo.

Kabla ya yote, Gede ilikuwa mji wa Waswahili Waislamu. Watu walianza kukaa hapo yapata karne ya 12, wakajenga kwa udongo na miti na baadaye kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na katika karne ya 15 mji ukafikia upeo wa ustawi wake, ukiwa na ukuta wa nje uliozunguka eneo la ekari 45 hivi, msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, misikiti midogo kadhaa na makaburi yenye nguzo. Kaburi mojawapo limeandikwa mwaka wa 802 Hijria, ambao ni sawa na 1399 Miladia, na kwa kuwa tarehe hiyo haina shaka, wachimbuzi wameifanya kigingi cha kupimia umri wa vitu vingine vilivyofukuliwa karibu nalo. Katika karne ya 17 mji ukahamwa, miti ikaota sebuleni na mizizi ikapenya kuta. Hapo ndipo ulipokuwa mahame.

Sasa nije kwa bibi yako, kwa maana neno lake ndilo ninalolipenda zaidi katika barua hii. Wenyeji wa vijiji vya jirani waliamini kwamba humo ndani wanakaa mizimu ya watu wa kale wanaolinda mji wao, na kwa imani hiyo hawakukata miti yake wala kubeba mawe yake kwenda kujengea. Mahame mengine ya pwani yamepukutika jiwe kwa jiwe kwa sababu jiwe lililochongwa tayari ni mali kwa mtu anayejenga, lakini Gede ilibaki na kuta zake, na ilibaki pia na msitu wake wa asili, ambao umepungua sana kila upande unapotazama nje ya ukuta. Mimi husema msitu uliutunza mji na mji ukautunza msitu, na mwanafunzi anayetazama mawe peke yake bila kuinua macho kwenye mibuyu na mitini amerudi nyumbani na nusu ya somo.

Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika mahali hapo, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikapatangaza kuwa pahali pa kumbukumbu ya historia. Mwaka 1948 Gede ikafanywa hifadhi ya taifa, na James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, akawekwa kuwa msimamizi wake. Yeye ndiye aliyeongoza uchimbuzi mkubwa uliodumu hadi mwaka 1958, na kitabu chako cha zamani kinasema sawa kwa kadiri ya wakati wake. Mwaka 1969 usimamizi ulihamishiwa taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo inaendelea nao mpaka leo. Kwa hiyo waliosema ni mali ya kaunti ndio pekee walioteleza: Gede imo ndani ya Kaunti ya Kilifi, lakini haisimamiwi na kaunti. Kisha mwezi wa Julai mwaka 2024, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, ikawa ya nne katika pwani yetu baada ya Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mwaka 2008 na ngome ya Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011.

Swali: Shikamoo Mhariri. Tulipokwenda Gede na wenzangu, mmoja wetu alisema mji ule uliangamizwa na Wareno kwa usiku mmoja, mwingine akasema ni ugonjwa. Ukweli ni upi? (Kijana, Barani)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Habari ya usiku mmoja iondoe akilini, kwa sababu kuta zenyewe haziungi mkono habari hiyo. Na kuhusu Wareno, jambo la ajabu ni kwamba walikaa Malindi, wakawa marafiki wa mtawala wake tangu Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, lakini maandishi yao hayataji mji huu wa mawe uliokuwa mwendo wa saa chache tu kutoka kwao. Gede haikuwa ufukweni. Ilijificha nyuma, kilomita kadhaa kutoka bahari kuu na karibu zaidi na hori ya Mida, na jina hili tunalolitumia sisi yaelekea si lile walilolitumia wenyeji wake. Neno "Gede" lina asili ya Kioromo, na wachunguzi wengine wameona kwamba huenda mji uliitwa Kilimani.

Sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kadhaa, nami sioni kwamba zinapingana. Katika miaka ya 1580 jeshi la Wazimba lilipanda pwani kutoka kusini likiharibu miji, na watu wa pwani walipata hofu isiyosahaulika. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus baada ya Mombasa kushindwa, mtawala wa Malindi akahamia huko, na biashara pamoja na ulinzi vikamfuata. Eneo lote hili lililobaki nyuma likawa dhaifu, wakati huo huo Waoromo wakisogea kutoka kaskazini.

Lakini ukitaka kujua sababu ambayo mimi naipa uzito, rudi Gede usimame kwenye kisima kilicho karibu na msikiti mkuu. Kisima hicho kilichimbwa, kisha kikaongezwa kina, na dalili hiyo imewafanya wataalamu waseme kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Mji wa maelfu ya watu ulio mbali na mto, unaotegemea visima kwa kunywa, kupika, kuoga na kutawadha, unaweza kustahimili adui akaja na akaondoka, lakini hauwezi kuwastahimili wanawake wanaorudi kisimani na ndoo iliyojaa nusu kila siku. Inaelekea watu waliondoka kidogo kidogo, nyumba baada ya nyumba, mpaka siku moja hakukuwa na wa kuadhini.

Swali: Mimi ni mkaaji wa mtaa wa Mkomani, Lamu, na sijapata kufika Gede. Nimeona picha zake nikahisi natazama nyumba ya babu yangu iliyoezuliwa. Je, ni fikra yangu tu, au nyumba hizo zina udugu? Na Gede inazidi nini mahame ya Takwa, ambayo sisi tumeyazoea? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Si fikra yako tu, ndugu yangu. Nyumba ya mawe ya Lamu uliyokulia ni ya karne za baadaye, lakini msingi wa mpango wake unauona Gede: mgeni haingii moja kwa moja faraghani, bali hupokewa kwanza kwenye kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha kuna chumba kirefu chembamba, na nyuma yake vyumba vya ndani ambavyo mgeni wa kiume havivuki. Vyumba ni vyembamba kwa sababu ile ile mnayoijua huko kwenu, kwamba upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Utaona vidaka ukutani, utaona vyoo na mabirika ya maji, na utaona baadhi ya nyumba zina ghala lisilo na mlango wa kawaida, ambalo mwenye mali aliliingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu.

Nyumba hizo zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko Nyumba ya Sanduku la Pembe, iko Nyumba ya Kauri, yaani simbi. Wakati wa uchimbuzi vilipatikana vyombo vya kaure kutoka China, shanga za Venice na taa kutoka Bara Hindi, na wageni wengi huambiwa habari hizo peke yake wakadhani mji ulijengwa na watu waliokuja na vyombo hivyo. Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa maana limewapotosha hata waliosoma. Kirkman mwenyewe aliuona mji huu kama wa Waarabu waliohamia pwani. Wachunguzi waliomfuata wameonyesha kwamba vyungu vilivyo vingi kupita vyote ni vya udongo wa hapa hapa, vilivyofinyangwa na mikono ya wenyeji, na kwamba chini ya nyumba za mawe kuna mabaki ya nyumba za udongo zilizotangulia. Waliokaa Gede walikuwa Waswahili waliofanya biashara na dunia. Bakuli la China lilikuwa la kupokelea mgeni, na chungu cha kupikia kila siku kilitoka kwa jirani.

Kuhusu Takwa, singependa kusema mmoja unamzidi mwenzake. Takwa yenu, kule kisiwa cha Manda, ina kitu ambacho Gede imekipoteza, nacho ni watu: watu wa Shela ya Lamu wanajua kwamba wahenga wao walitoka huko, na mpaka leo huvuka kwenda kuomba dua kwenye kaburi la nguzo la karne ya 17. Gede haina ukoo unaodai makaburi yake. Gede ina ukubwa, ina nyumba nyingi zilizofukuliwa na kupangika machoni, na ina kivuli cha msitu ambacho Takwa haina. Ukija Malindi, tenga asubuhi nzima.

Swali: Mhariri mpendwa, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja na mdogo ana mitano. Kila likizo wananisumbua kuwapeleka baharini, na mwaka huu ningependa wapate kitu kingine. Je, Gede ina cha kuwafurahisha watoto, au ni kuta tu? Na mtu asiye na gari afanyeje? (Mama, Shela ya Malindi)

Jibu: Dada yangu, chukua matatu ya njia ya Mombasa, ushuke njia panda ya Gede, kisha panda tuktuk au bodaboda, ingawa watoto wenye nguvu wanaweza kutembea kupita kijijini mpaka lango la hifadhi bila kuchoka. Mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Malipo siku hizi hufanywa kwa simu, kwa hiyo hakikisha pesa ziko kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Nenda asubuhi. Jua likiwa bado la upole, kima huwa wanashuka mitini kutafuta chakula, ndege wanasikika, na watoto hawajachoka. Anzia nyumba ya makumbusho iliyo ndani ya hifadhi, ambamo vitu vilivyofukuliwa vimepangwa, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuona mkasi au taa kwa macho yake ataitafuta nyumba yake huko msituni kwa hamu nyingine. Kisha ingieni magofuni na mwongozi. Mwongozi mzuri ana thamani kubwa hapa, maana bila yeye kuta zinafanana. Wape watoto kazi: mkubwa ahesabu visima, na wa katikati atafute mkuki uliochongwa juu ya mlango wa msikiti mkuu, alama ambayo wengi hupita chini yake bila kuinua kichwa. Mdogo wa miaka mitano hatahitaji kazi, kwani njia zenyewe, mizizi iliyokumbatia kuta na madirisha yasiyo na nyumba vitamtosha.

Ukimaliza kuta, usiondoke. Iko njia ya kutembea msituni inayopita kwenye miti ya asili, na ukikaa kimya unaweza kubahatika kumwona sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia, anayefukua majani makavu akitafuta wadudu. Mnyama huyu yuko hatarini duniani, na makao yake makuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani na hapo. Kwa hiyo mtoto wa Malindi anaweza kumwona, kwa nauli ya matatu, mnyama ambaye wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kumtazama.

Karibu na lango kuna banda la vipepeo la mradi wa Kipepeo. Hapo ndipo wako mdogo atakapokataa kutoka.

Mambo mawili ya tahadhari. La kwanza ni kima: msiwape chakula hata kama wanawajia kwa upole, kwa maana kima aliyezoeshwa mkate hunyang'anya na huuma, na vyakula vyetu vinawaharibia tabia na afya. La pili ni kuta: watoto wasipande juu yake. Niliwahi kuona kikundi cha vijana wamekaa juu ya ukuta wa jumba kuu wakipigwa picha, na lipu ya miaka mia tano ikidondoka chini ya viatu vyao kama unga. Niliumia moyo siku ile, nikawaomba washuke, nao wakashuka bila ubishi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaeleza. Waeleze wanao kabla ya kuingia. Vaeni viatu vilivyofunga, chukueni maji ya kunywa, na wakati wa masika jipakeni dawa ya mbu.

Swali: Mhariri, mimi ni mkulima karibu na Mida. Jirani yangu anafuga vipepeo na anasema vinampa riziki. Sikuamini. Pia, nilipokuwa nikilima nilipata vigae vya vyungu na kipande cha bakuli la buluu na nyeupe. Je, vinaweza kuwa vya Gede, na naruhusiwa kuviuza? (Mkulima, Mida)

Jibu: Mwamini jirani yako. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, wakati ambapo wakulima wengi wanaopakana na Arabuko-Sokoke waliuona msitu kama ardhi iliyofungwa bure huku tembo wakitoka humo kuwaharibia mazao. Msitu huo wa kilomita za mraba 420 hivi ndio mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na ilikuwa lazima mtu anayeishi kando yake aone faida ya kuuacha usimame. Mkulima hukamata vipepeo wachache, huwaacha watage, hulisha viwavi kwa majani ya mti wanaoupenda, na kiwavi anapojifunga na kuwa pupa, hupelekwa Gede, hukaguliwa, kisha husafirishwa haraka kwa ndege kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani, ambako kipepeo hutoka akiwa hai mbele ya watazamaji. Haraka hiyo ni ya lazima, kwa kuwa pupa hangojei. Mfugaji anahitaji miti ile ile ya msituni ili apate majani, na kwa hiyo mti uliokuwa kuni umekuwa malisho. Ukitaka kujifunza, nenda kwenye banda lile la langoni uwaulize wenyewe namna ya kujiunga na kikundi cha wafugaji kilicho karibu nawe.

Kuhusu vigae, inawezekana kabisa. Watu wa mji ule hawakukaa wote ndani ya ukuta, kulikuwa na makazi mengine ya kale katika ukanda huu wa hori ya Mida, na rangi unazozitaja zinafanana na za kaure ya China iliyopatikana Gede. Lakini kuviuza huruhusiwi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale popote vinapopatikana, hata shambani mwako, na inamtaka aliyevipata atoe taarifa. Usivioshe, wala usiendelee kuchimba ukitafuta vingine, kwa sababu kigae kilichong'olewa mahali pake hakimwambii mchimbuzi tena kilikuwa cha wakati gani wala kililala pamoja na nini. Weka alama mahali ulipovipata, lima upande mwingine wa shamba kwa sasa, kisha uende kwenye ofisi iliyo langoni Gede ukawaonyeshe kipande kimoja na kuwaomba waje kutazama vilivyobaki. Ungefanya vizuri kwenda na jirani yako, kwani siku za kupeleka pupa yeye hufika hapo hapo.